Jina Lako Halikusomwa? Twende Winchester



Wale mliozoea kusoma hapa habari za chanjo, lishe ya mama mjamzito na homa za watoto, mwezi huu naomba mniwie radhi. Mama mmoja msomaji wetu, ambaye binti yake anasoma Uingereza, anajiandaa kwenda kumtembelea. Ameniomba nimwelekeze mji mmoja wa zamani wenye kanisa kuu na historia yake, ambao mtu mwenye miguu ya makamo anaweza kuuzunguka kwa siku moja. Nimemchagulia Winchester, ulioko kusini mwa nchi hiyo, mwendo wa kama saa moja kwa treni kutoka kituo cha Waterloo, London.

Lakini sikuuchagua kwa sababu ya uzuri wake tu. Nina sababu nyingine, na ni vizuri niiseme kwanza.

Kundi letu la akina mama huenda hospitali kuwaona wagonjwa kila Alhamisi. Tunapeleka uji, tunawachana nywele wasio na ndugu karibu, tunawafulia kanga, tunaomba nao. Katika sikukuu ya mavuno ya mwaka jana, orodha ya shukrani ilisomwa mbele ya kanisa zima. Walitajwa waliotoa saruji, waliotoa viti, hata aliyeleta turubai. Sisi hatukutajwa. Baada ya ibada, mwenzetu mmoja, mjane ambaye hajakosa Alhamisi kwa miaka tisa, alikunja kitambaa chake taratibu akaniambia, "Sista, mimi Alhamisi nimestaafu."

Nilikosa la kumjibu. Na niwe mkweli mbele za Mungu na mbele yenu: hata mimi niliumia. Usiku ule nilitoa albamu yangu ya picha, nikakuta zile nilizopiga Winchester miaka michache iliyopita, nilipokwenda kumwona mdogo wangu ambaye ni muuguzi huko. Nilizitazama moja moja, na kila picha ikawa kama inanijibu. Ndiyo maana nawachukua huko leo. Fungeni viatu vizuri, twende.

Jiwe la tauni

Ukitoka kituo cha treni, ukafuata njia ya kuelekea katikati ya mji, utafika kwenye lango la kale la mawe linaloitwa Westgate. Nje yake imesimama nguzo ndefu ya jiwe, iliyochongoka juu. Watu wengi hupita bila hata kuigeukia. Mimi nilisimama hapo muda mrefu, kwa kuwa ni kumbukumbu inayomhusu muuguzi.

Mwaka 1666 tauni iliushika mji huu. Inasimuliwa kwamba watu wa vijijini waliogopa kuingia mjini, na watu wa mjini hawakuruhusiwa kutoka. Basi wakulima walileta vyakula, wakaviweka juu ya jiwe nje ya lango, wakarudi nyuma. Wenyeji wakaja, wakachukua vyakula, wakaacha fedha. Hakuna aliyemgusa mwenzake, na mji ukala. Sisi tuliopita katika mwaka 2020 tunaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Mwaka 1669 kilianzishwa chama cha wenyeji wa mji, kiitwacho Society of Natives, ili kuwasaidia wajane na yatima walioachwa na tauni. Chama hicho ndicho kilichoisimamisha nguzo mwaka 1759. Je, wale wakulima waliobeba mboga na nafaka hadi kwenye jiwe walikuwa akina nani? Nguzo haiwataji. Lakini kama wasingekuja, mji ungekufa njaa kabla ya kumalizwa na ugonjwa.

Meza yenye majina

Hatua chache kutoka hapo kuna ukumbi mkubwa wa mawe, uliojengwa na Mfalme Henry wa Tatu kati ya mwaka 1222 na 1235. Ndiyo sehemu iliyobaki ya ngome ya wafalme. Ukiingia, tazama ukutani. Utaona meza kubwa ya mviringo ya mbao imetundikwa kama saa ya ukutani ya jitu. Upana wake unapita mita tano, na uzito wake ni zaidi ya tani moja. Kuizunguka yameandikwa majina ya mashujaa 24 wa Mfalme Arthur, na yeye mwenyewe amechorwa amekaa katika kiti chake.

Mdogo wangu alinigusa bega. "Dada, unaijua siri ya meza hii?"

"Siijui, nieleze."

"Ilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 13. Mfalme Arthur anayesimuliwa katika hadithi alikuwa, kama kweli alikuwapo, karne nyingi kabla ya hapo. Hao mashujaa hawakuwahi kuketi hapa."

Nilicheka kwa sauti hadi mlinzi akanitazama. Majina yote 24 yamepakwa rangi nzuri, kila mtu anayasoma, na wenyewe ni watu wa hadithi! Tafadhali msomaji, liweke hilo akilini, maana mbele tutalihitaji.

Ukishuka barabara kuu mpaka mwisho wake, utaona sanamu ya Mfalme Alfred akiwa ameinua upanga wake. Huyu alikuwapo kweli, na alifariki mwaka 899. Sanamu ilisimamishwa mwaka 1901. Lakini abasia alikozikwa ilibomolewa, na leo hakuna awezaye kuionyesha mifupa yake kwa hakika. Hata wafalme, jamani, makaburi yao hupotea.

Askofu aliyetaka kukanyagwa

Sasa rudi nyuma kidogo, ukate kushoto, upite chini ya miti, nawe utaliona kanisa kuu. Halina mnara mrefu wa kuchoma mawingu. Ni refu kwenda mbele, kama jahazi lililolala. Urefu wake ni karibu mita 170, na ni mojawapo ya makanisa makuu marefu zaidi ya zama zake. Ujenzi wake ulianza mwaka 1079 chini ya Askofu Walkelin. Kuna kiingilio cha kulipa kwa watalii, lakini anayekuja kusali katika ibada halipi.

Kabla ya kuingia, tembea juu ya nyasi upande wa kaskazini. Utaona mistari ya matofali ardhini. Hiyo inaonyesha mahali lilipokuwa kanisa la kale zaidi, kabla ya hili. Hapo alizikwa Askofu Swithun, aliyefariki katika miaka ya 860. Simulizi inasema aliomba asizikwe ndani pamoja na wakubwa, bali nje, mahali ambapo miguu ya watu wa kawaida itapita juu yake na mvua itamnyeshea. Hakutaka heshima. Lakini tarehe 15 Julai 971 walimfukua wakamwingiza ndani kwa fahari. Tangu hapo Waingereza husema kwamba mvua ikinyesha siku ya Swithun, itanyesha siku 40. Sisi tulikwenda mwezi wa Agosti na mvua ikatunyeshea vilevile, kwa hiyo beba mwavuli.

Ndani, upande wa kushoto, kuna jiwe sakafuni, kaburi la Jane Austen. Huyu ni mwandishi wa riwaya anayesomwa dunia nzima. Aliletwa Winchester mwaka 1817 kutafuta tiba, akafa tarehe 18 Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 41. Nyumba alimofia bado ipo, barabara ya College Street, nyuma ya kanisa. Soma jiwe lake vizuri. Linasifu tabia yake, imani yake na akili zake. Vitabu vyake havikutajwa hata kwa neno moja! Alipokuwa hai vitabu hivyo vilitoka bila jina lake. Ilipita miaka mingi ndipo kikawekwa kibao cha shaba ukutani kinachosema kwamba alikuwa mwandishi.

Mtu wa chini ya maji

Hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Nenda hadi mwisho wa kanisa, upande wa mashariki. Tafuta sanamu ndogo ya mtu aliyevaa vazi la kuzamia majini. Utajiuliza, mpiga mbizi anafanya nini kanisani?

Upande huu wa kanisa ulijengwa juu ya ardhi yenye maji. Chini yake kuna udongo mweusi laini, wa majani na mimea iliyooza. Wajenzi wa karne ya 13 walilaza magogo juu ya udongo huo, wakajenga ukuta juu ya magogo. Kwa miaka zaidi ya 600 jengo likazama kidogo kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kuta ziliinama, nyufa zikafunguka, mawe yakaanza kuanguka. Mafundi wakachimba mashimo chini ya kuta ili kuweka msingi mpya, lakini kila walipochimba, maji yalijaa. Wangeyavuta kwa pampu, udongo ungehama na kanisa lingeanguka.

Ndipo mhandisi Francis Fox akashauri aletwe mpiga mbizi. Akaja William Walker. Kuanzia mwaka 1906 hadi 1911 alishuka katika mashimo yale, kina cha kama mita sita, akifanya kazi saa sita kwa siku. Maji yalikuwa na tope, na huko chini palikuwa giza tupu. Hakuona kitu. Alifanya yote kwa kupapasa. Aliondoa udongo laini, akapanga mifuko ya zege moja baada ya nyingine, mpaka maji yakazibwa. Hapo ndipo wengine walipoweza kuvuta maji na kujenga juu yake. Hesabu ya kazi yote ni mifuko ya zege zaidi ya 25,000, matofali ya zege zaidi ya 110,000, na matofali ya kawaida yapatayo 900,000.

Akina mama wenzangu, hebu fikirini. Juu yake waimbaji wanaimba, maharusi wanafungishwa ndoa, watu wamevaa vizuri. Chini, gizani, mtu mmoja anapapasa tope kwa vidole vyake ili paa lisiwaangukie.

Nisimdhulumu mtu. Walker alishukuriwa. Tarehe 15 Julai 1912 ilifanyika ibada kubwa ya shukrani, Mfalme George wa Tano akiwapo, na Walker alipewa nishani. Alifariki mwaka 1918 kwa ile homa kali ya mafua iliyoua mamilioni ya watu duniani. Baadaye, mwaka 1964, iliwekwa sanamu ya kumkumbuka. Ilipofunuliwa, sura iliyochongwa haikuwa yake. Mchongaji alikuwa ametumia picha isiyo sahihi, akamchonga Francis Fox, yule mhandisi! Kwa zaidi ya miaka 30 watu walimshukuru Walker wakitazama uso wa mtu mwingine. Mwaka 2001 ndipo ilipowekwa sanamu mpya yenye sura yake halisi, na ndiyo utakayoiona.

Mama aliyeshindwa kusema

Toka nje sasa, katika uwanja wa kanisa. Hapa amezikwa mama mmoja pamoja na mumewe, na kama wewe ni wa Mothers' Union, ule umoja wa akina mama wa Kianglikana, simama kwa heshima. Huyu ni Mary Sumner.

Alikuwa mke wa kasisi katika kijiji cha Old Alresford, si mbali na Winchester. Mwaka 1876 binti yake mkubwa alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Mary alipomwona, alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyohangaika alipokuwa mama kijana, asiyejua pa kuuliza. Akaona vema akina mama wakutane, matajiri kwa maskini, wasaidiane kulea watoto na kuombeana. Akawaalika nyumbani kwake.

Siku ikafika, wakaja, nyumba ikajaa. Mary akasimama, na hofu ikamkaba koo. Hakuweza kusema. Aliwaomba warudi wiki inayofuata!

Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia nafuu moyoni. Wangapi kati yetu tumeitwa kuongoza sala tukajificha nyuma ya nguzo? Lakini wiki iliyofuata walirudi, na yeye akasema. Kwa miaka kama tisa kazi ile ilibaki ya kijijini tu, haina sifa. Mwaka 1885, katika mkutano wa kanisa huko Portsmouth, aliombwa ghafla azungumze na wanawake, na kuanzia hapo umoja ukaenea. Alifariki mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 92. Leo umoja huo una wanachama wapatao milioni nne katika nchi zaidi ya 80, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Kumbe mama aliyevaa sare yake kijijini kwenu Jumapili amefungwa kwa uzi mmoja na sebule ile ya mwaka 1876.

Mkate bila kuulizwa jina

Kama miguu bado ina nguvu, fuata njia ya kando ya mto Itchen kuelekea kusini, kupitia malishoni. Ni mwendo wa kama nusu saa, pole pole. Utafika St Cross. Kwa Kiingereza huitwa hospitali, lakini usitafute wodi. Zamani neno hilo lilikuwa na maana ya nyumba ya kupokea wageni na wahitaji. Ilianzishwa katika miaka ya 1130 na Askofu Henry wa Blois, ili wanaume 13 maskini wasio na nguvu za kufanya kazi wapate makao, na maskini wengine 100 walishwe kila siku. Mpaka leo wazee wanaishi humo. Wanaitwa ndugu, nao huvaa majoho, wengine meusi na wengine mekundu ya zambarau.

Ukifika langoni kwa bawabu, omba posho ya msafiri. Utapewa kipande kidogo cha mkate na bia kidogo katika kikombe cha pembe. Desturi hiyo ni ya karne nyingi na haijakoma. Mimi ni mtu wa maji na chai, kwa hiyo bia nilimwachia mdogo wangu, mkate nikala. Ni tonge moja tu, halishibishi mtu. Lakini bawabu hakuniuliza jina, wala dini, wala natoka wapi. Aliniona nimetembea, basi. Nikakumbuka mafundisho ya Bwana wetu katika Mathayo sura ya 6 kuhusu sadaka inayotolewa kwa siri. Nilikuwa nimeyasikia tangu utoto. Siku ile niliyala.

Ushauri wa muuguzi kwa msafiri

Mama uliyeniandikia, vaa viatu vya kufunga, visivyo na kisigino, kwa kuwa njia nyingi ni za mawe. Chukua koti hata kama ni kiangazi. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asiache dawa hotelini, na awe na kitu cha kula mkobani, kwa maana mwendo ni mrefu kuliko unavyoonekana kwenye ramani. Anza asubuhi na jiwe la tauni, umalizie St Cross kabla hawajafunga. Na usione haya kuketi ndani ya kanisa kuu na kuomba. Ndiyo kazi yake.

Tena Alhamisi

Juma lililofuata ile sikukuu nilikwenda nyumbani kwa mwenzetu nikiwa na albamu yangu kwapani. Nilimkuta anachambua mchele. Nilimwonyesha meza ya Arthur, nikamwonyesha Walker. Nilipofika kwenye habari ya sanamu yenye uso wa mtu mwingine, alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akanyamaza. Akasema, "Sista, kwa hiyo hata akitajwa, anaweza kutajwa vibaya."

"Ndiyo, mama."

"Na kanisa likasimama vilevile."

Sikuongeza neno. Alikuwa amehubiri kuliko mimi.

Hata hivyo, wasomaji wapenzi, sikuishia hapo. Sanamu ile ilirekebishwa, na ilikuwa haki irekebishwe. Anayefanya kazi asiifanye kwa kutafuta sifa, sawa. Lakini anayenufaika na kazi ya mwenzake asitumie neno hilo kama kisingizio cha kutoshukuru. Nilikwenda kwa katibu wa kanisa nikamwambia kwa adabu, bila hasira, kwamba kuna wanawake saba wa Alhamisi. Alishika kichwa. Hakuwa na ubaya, alisahau tu. Majina yao yakasomwa Jumapili iliyofuata, na wagonjwa wakaombewa.

Mwezi huu, nakuomba ufanye jambo moja. Mtafute mtu mmoja wa chini ya maji katika maisha yako: anayefagia kanisa kabla hujafika, anayekaa na mama yako mgonjwa usiku, shemeji anayelipa ada ya mtoto kimya kimya. Mwite kwa jina lake, umwambie asante. Na kama mtu huyo ni wewe, na hakuna aliyekuita, endelea kupanga mifuko yako. Ukuta umesimama juu yake.

Alhamisi iliyopita nilipofika wodini saa tisa alasiri, mwenzetu yule alikuwa ameshatangulia, ana chupa ya uji mkononi, anamchana nywele bibi mmoja ambaye hakuna aliyejua ndugu zake.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda, turudi kwenye chanjo.